"Maisha" ya Tippu Tip kama Mlango wa Utamaduni wa Kiarabu na wa Kiislamu katika Kongo ya Mashariki

Mwanafunzi wa Kongo anayetaka kuujua utamaduni wa Kiarabu na wa Kiislamu kwa njia ya Kiswahili hukutana mapema na kitabu kimoja: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Sababu zake zaeleweka. Mwandishi alikuwa mtu wa Unguja mwenye nasaba ya Maskati; alikuwa na mamlaka makubwa katika Maniema; tena habari zake alizisimulia mwenyewe, kwa Kiswahili wala si kwa Kiarabu. Hata hivyo, kitabu hicho hakikuandikwa ili kumfundisha mtu mila za Waarabu wala nguzo za Uislamu. Anayekifungua akitafuta dini atakuta biashara. Anayetafuta Uarabu atakuta habari za ukoo. Na mambo hayo mawili, ambayo vitabu vya historia ya Kongo huyafunga pamoja chini ya neno "Waarabu", humo yametengana kuliko inavyodhaniwa.

Yafaa kuanza na maandishi yenyewe. Hamed aliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode. Brode ndiye aliyeyahamishia katika herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani katika miaka ya 1902 na 1903. Baadaye Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza (1958–1959), na François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi, Brussels, 1974. Kila toleo limemsaidia msomaji, lakini uchapishaji wa Kilatini umemficha jambo moja. Mtu aliyeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alikuwa amepita chuoni, mbele ya mwalimu wa Kurani. Alama ya kwanza ya malezi ya Kiislamu ya mwandishi ilikuwa katika umbo la maandishi yake, na ndiyo iliyoondolewa kabla kitabu hakijamfikia msomaji wa leo.

Katika maneno yenyewe, alama hizo ni haba. Mtunzi wa utenzi wa pwani huanza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume. Katika matoleo yaliyochapishwa, Hamed hafanyi hivyo. Haanzi hata na kuzaliwa kwake wala na masomo yake. Anaanza na umri wa miaka 12, alipotoka kwenda kufanya biashara ya sandarusi. Kutoka hapo simulizi inafuata safari, mizigo, mikopo na vita. Hakuna mahali anapotua ili aeleze swala, funga, ndoa au mazishi. Waweza kusema kwamba mtu haelezi hewa anayoivuta. Jibu hilo lina haki yake, lakini halitoshi, maana Hamed anaeleza kwa kirefu mambo mengine ambayo kwake yalikuwa ya kila siku. Bei za pembe anazieleza. Baada ya kumshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, mwaka 1867, anakumbuka kwamba walipata frasila 1,950 za pembe na frasila 700 za shaba, ingawa anaandika zaidi ya miaka thelathini baadaye. Aina ya kitabu ndiyo iliyochagua la kusemwa: hiki ni hesabu ya mfanyabiashara mzee, na katika hesabu ya namna hiyo dini haina safu yake.

Biashara hiyo nayo haikuwa ya Waarabu peke yao. Mali iliyopelekwa bara ilitoka kwa wakopeshaji wa Unguja, na mmoja wa wakubwa wao alikuwa Taria Topan, Mhindi wa madhehebu ya Ismailia. Neno "Waarabu" lilikuwa likifunika mengi hata kabla misafara haijaondoka pwani.

Pahali palipo na utajiri zaidi ni habari za nasaba. Katika desturi za Kiarabu mtu hujulikana kwa baba yake na baba wa baba yake, na jina lenyewe, Hamed bin Muhammed bin Juma, ni ukoo unaotembea. Lakini huko bara ukoo wa baba haukufungua kila mlango. Baba yake Hamed alikuwa amemwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtawala wa Unyanyembe, na kwa ndoa hiyo akapata heshima ambayo bunduki zisingempa. Mwana alikwenda mbali zaidi. Alipofika Utetera kwa Kasongo Rushie, alidai kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa mwanamke wa ukoo wa mtawala huyo, aliyetekwa zamani katika vita. Mzee akamkubali kuwa jamaa yake na kumwachia utawala. Watafiti wengi huona kwamba udugu huo ulibuniwa, na kwa kweli msimulizi mwenyewe haonyeshi dalili ya kuona haya. Lililo muhimu zaidi ni upande aliouchagua. Mtu ambaye heshima yake Unguja ilitoka kwa baba alipata nchi kwa njia ya mama wa mama yake. Anayetaka kujua namna desturi za Kiarabu zilivyokutana na desturi za Kongo hana ukurasa bora kuliko huo. Na ukurasa huo hauonyeshi Mwarabu akiwafundisha Watetela, bali Mwarabu akijifunza kusema nao kwa lugha ya undugu wanayoielewa.

Ila kitabu kinachojua kuhesabu pembe kwa usahihi huo hakiwatendei watu vivyo hivyo. Waliotekwa hutajwa pamoja na mali. Wapagazi waliobeba frasila hizo karibu wote hawana majina. Hapa mhakiki hawezi kumwachilia mwandishi kwa kusema kwamba ndivyo ulivyokuwa wakati wake. Aliyekumbuka ukoo wa Kasongo Rushie alijua vema kwamba mateka nao wana koo. Aliutumia ujuzi huo mara moja, kwa faida yake, kisha akaunyamazia.

Tena ni kati ya watu hao wasio na majina ndipo Uislamu wa Kongo unapopaswa kutafutwa. Masultani wa Unguja na Waomani wengi wa zama zile walikuwa Waibadhi. Waislamu wa Maniema ni Wasunni wa madhehebu ya Shafii, kama Waswahili wa pwani. Lau dini ingalipandwa na wakubwa wa Omani kwa amri, tofauti hii isingaleta maana. Inaonyesha kwamba walioieneza hasa walikuwa watu wa chini yao: watu wa Mrima, wapagazi, walinzi, wake na watumwa wa nyumbani, wale walioitwa Waungwana. Pwani, muungwana alikuwa mtu huru asiye mtumwa. Huku Kongo jina hilo lilichukuliwa na wafuasi wa wafanyabiashara, ambao wengi wao waliwahi kuwa mateka, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Vita vya 1892–1894 viliwaondoa wakubwa; Sefu, mwana wa Hamed, alikufa humo mwaka 1893. Waungwana walibaki Kasongo na Nyangwe pamoja na mashamba ya mpunga, lugha na swala zao.

Hao hawakuandika kitabu kilichochapishwa Berlin. Kumbukumbu zao zimo katika masimulizi ya familia za Kasongo, Kindu na Kisangani. Mwalimu anayewapa wanafunzi "Maisha" awape pia kazi ya kuyaandika masimulizi hayo, na aanze na wanawake wazee, maana katika kitabu cha Hamed sauti zao ndizo chache kuliko zote.