Nani Atamjibu Mtoto? Tathmini ya Televisheni ya Kikristo kwa Watoto Wadogo

Katika Maandiko mtoto anaruhusiwa kuuliza. Kutoka 12 na Kumbukumbu la Torati 6 zatarajia kwamba siku moja atauliza maana ya Pasaka na maana ya amri za Bwana, nazo zamwagiza mzazi awe tayari kujibu. Martin Luther alifuata njia hiyo hiyo mwaka 1529. Katekisimo Ndogo aliipanga ili mkuu wa nyumba awafundishe walio nyumbani mwake, na kila amri, sawa na kila sehemu ya Imani, hufuatwa na swali fupi la kuuliza maana. Katika makala haya tunakusudia kuipima televisheni ya Kikristo ya watoto kwa kipimo hicho: mtoto anapouliza, ni nani humjibu?

Jambo hili si la mbali nasi. Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni mwaka 1994, na leo picha zinafika vihambani kwa ving'amuzi na kwa simu za mkononi, kutoka Moshi mjini hadi Marangu na Machame. Huko nje, mtandao wa TBN ulianzisha nchini Marekani kituo cha watoto kilichoitwa Smile of a Child tarehe 24 Desemba 2005. Miaka miwili baadaye, Desemba 2007, ilianza SAT-7 KIDS kwa watoto wasemao Kiarabu. Wapo wazazi na watumishi wanaotamani kituo cha namna hiyo kwa Kiswahili. Kabla ya kutamani, yafaa tupime.

Kwanza tutende haki. Katika nchi za Kiarabu wako watoto Wakristo ambao hawana kanisa karibu wala shule ya Jumapili. Kwa mtoto wa namna hiyo, kumwona mwenzake akiimba na kuomba kwa lugha yake mwenyewe ni kujua kwamba hayuko peke yake. Hapo televisheni haichukui nafasi ya mtu mwingine, maana mtu huyo hayupo. Lakini katika mitelemko ya Kilimanjaro, ambako Injili ililetwa na wamisionari wa Leipzig mwaka 1893, makanisa yako karibu na kengele husikika nyumbani. Hapa swali si kama mtoto ataisikia habari ya Yesu, bali kama aliyepewa kazi ya kumweleza ataifanya, au ataiachia mashine.

Pili, tutazame yanayofundishwa. Mfano unaojulikana sana ni Superbook ya shirika la CBN, iliyotengenezwa kwanza nchini Japani mwaka 1981, kisha ikaundwa upya na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Mvulana Chris, rafiki yake Joy na roboti Gizmo huchukuliwa hadi nyakati za Biblia. Kazi ni ya ustadi, na mtoto hujifunza kwamba watu wa Biblia walikuwa watu kweli, wenye hofu na makosa. Hata hivyo, mpango wa vipindi vingi ni mmoja: mvulana ana tatizo la tabia nyumbani au shuleni, anapelekwa kuona kisa cha Biblia, kisha anarudi akiwa amejirekebisha.

Hapo ndipo mwanafunzi wa theolojia ya Kilutheri hana budi kusimama. Kisa kikitumika hivyo kila mara, Daudi anakuwa mfano wa ushujaa na Danieli mfano wa uthabiti, naye Mungu aliyewaokoa anabaki nyuma kama msaidizi wa tabia njema. Hii ni Sheria iliyovikwa vazi la Injili. Hatusemi kwamba Sheria haifai kwa watoto. Katekisimo yenyewe inaanza na Amri Kumi. Lakini haiishii hapo. Mtoto aliyejaribu kuwa kama Daudi akashindwa anahitaji kusikia neno jingine, na neno hilo halipatikani katika kisa ambacho mwisho wake ni mvulana aliyefanikiwa kujirekebisha.

Tatu, ni suala la Ubatizo. Superbook huambatana na shairi la wokovu, ambalo mtoto hualikwa kulisema ili ampokee Yesu. Nia ni njema. Lakini mtoto wetu aliyebatizwa akiwa mchanga anaweza kuelewa kwamba hadi leo alikuwa nje, na kwamba maneno yake ndiyo yamemwingiza. Sisi tunamfundisha kinyume chake: Mungu alimwita kwanza, kabla hajajua kusema. Tofauti hii si ya maprofesa peke yao. Ni tofauti kati ya mtoto anayelala akijua kwamba ni wa Mungu, na yule anayejiuliza kila usiku kama alilisema shairi lile kwa moyo wa kutosha.

Twaweza pia kujifunza kutoka kwa jirani asiye wa kanisa. Akili and Me, mfululizo uliotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, humwonyesha msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na ambaye usingizini hujifunza herufi na hesabu pamoja na marafiki zake wanyama. Si kipindi cha dini. Hata hivyo mtoto wa Kibosho anauona ndani yake mlima wake mwenyewe. Ni aibu kidogo kwetu kwamba mlima huo umeingia katika somo la hesabu kabla ya kuingia katika kisa cha Biblia kilichochorwa kwa ajili ya watoto wake.

Tukumbuke tena historia yetu wenyewe. Kuanzia mwaka 1963 Redio Sauti ya Injili ilisikika kutoka Addis Ababa, na studio ya Moshi iliiandalia vipindi vya Kiswahili. Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliitwaa redio ile. Mitambo ilipotea, lakini Sauti ya Injili haikunyamaza Moshi, kwa sababu watu wake walikuwa hapa. Naye Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi hadi 1938, alishikilia kwamba imani hupita katika vifungo vya ukoo, ujirani na rika. Tunamlaumu kwa haki kwamba aliuogopa mji na kuupamba mno ukoo. Lakini aliona jambo ambalo chombo hakiwezi kulitoa: mtu anayekufahamu kwa jina.

Na hapo ndipo penye uchungu. Wazazi wengi wako Arusha na Dar es Salaam, bibi amechoka, na msichana wa kazi ana mengi ya kufanya. Televisheni huwashwa ili mtoto atulie. Nasi wachungaji twafurahi kusikia kwamba anatazama mambo ya dini, maana mzigo umetupungukia. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee. Lakini tumeacha mkono mwingine uufinyange.

Kwa hiyo hatupendekezi kuvunja televisheni, wala kukimbilia kufungua kituo. Twapendekeza mwalimu wa shule ya Jumapili atazame wanachotazama watoto wake, na Jumapili aanze somo kwa kuwauliza waliona nini. Twapendekeza mafundisho ya wazazi kabla ya Ubatizo yaguse jambo hili waziwazi. Na kama siku moja tutatengeneza vipindi vyetu, basi kila kimoja kiishie na swali ambalo mtoto hawezi kulijibu bila kwenda kumtafuta mtu mzima jikoni au shambani. Mtu huyo naye awe ameandaliwa kujibu, na kumwandaa ni kazi yetu.