Utando Usio na Sura Yake Kitabuni

Aliyewahi kuchinja mbuzi anaujua utando huu hata kama hajawahi kusikia jina lake. Ukiuvuta utumbo hauji peke yake. Huja na utando mwembamba wenye mafuta, umejaa mishipa ya damu na vijitezi, na mzizi wake umeshika mgongoni. Mchinjaji hupitisha kisu, kazi ikaendelea. Madaktari huuita mesenteri. Binadamu naye anao, na bila huo utumbo usingepata damu wala kukaa mahali pake.

Tukiugua, tunamshukuru daktari aliyetupasua na muuguzi aliyekesha nasi. Hatumkumbuki karani wa kumbukumbu za wagonjwa, ambaye hulifungua faili baada ya sisi kwenda nyumbani na kuugeuza ugonjwa wetu kuwa herufi moja na tarakimu chache. Mimi namsifu huyo.

Kitabu chake ni Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, wenye asili katika orodha ya sababu za vifo ambayo Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha Chicago mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani liliupokea mwaka 1948. Toleo la 10, lililoidhinishwa mwaka 1990, lina majuzuu matatu, na sheria ya kwanza ya kazi ni kwamba faharasa haiaminiwi peke yake. Unatafuta neno katika juzuu la tatu, kisha unarudi juzuu la kwanza kuhakikisha, ukisoma mpaka yale maandishi madogo yanayosema nini hakimo.

Mesenteri humpima karani kwa sababu haina sura yake humo. Donge la damu likiziba mshipa wake ghafla, ni K55.0. Mshipa ukisinyaa polepole kwa miaka, ni K55.1. Saratani iliyoanzia kwenye utando wenyewe ni C48.1. Makovu yakiugandanisha baada ya upasuaji, ni K66.0, lakini makovu hayohayo yakiuziba utumbo, maandishi madogo yanakufukuza hapo uende K56.5. Yakiwa kwenye nyonga ya mwanamke, K66.0 inakukataa tena. Kovu ni lilelile, ila kitabu kinataka kujua limefanya nini na limekaa wapi.

Mwaka 2016, mtafiti Calvin Coffey na mwenzake wa Limerick, Ireland, waliandika kwamba mesenteri ni ogani moja isiyokatika, si vipande vipande kama vitabu vilivyozoea kusema. Huenda mtu akadhani basi misimbo nayo ingekusanywa pamoja. Kwangu si lazima. Mwanaanatomia anauliza nyama hii ni nini. Karani anauliza imepatwa na nini, na kwa swali hilo kutawanyika si kasoro hata kidogo.

Chukua faili la mtoto aliyeletwa na homa na maumivu ya tumbo, kulia chini. Fomu ya kulazwa inasema kidoletumbo. Karani mwenye haraka ataandika K35 na kuchukua faili jingine. Mwenye ufundi anafungua ripoti ya upasuaji, na humo anakuta kidoletumbo ni kizima, ila tezi za mesenteri zimevimba. Faharasa inampeleka I88.0, ambayo iko katika sura ya moyo na mishipa, kwa kuwa mishipa ya limfu imepangwa huko. Wengi wangeishia hapo, na wangekuwa na haki.

Yeye anafunua karatasi ya mwisho. Ni jibu la maabara, limebandikwa kwa pini baada ya mtoto kuruhusiwa: kinyama kilichotolewa kina kifua kikuu. Hapo I88.0 haifai tena, maana hiyo ni ya uvimbe usio na chanzo maalumu. Panapostahili ni A18.3, sura ya kwanza kabisa, ya magonjwa ya kuambukiza. Inabeba alama ya msalaba mdogo kuonyesha chanzo. K93.0, yenye nyota, inaweza kuifuata kutaja mahali, lakini haisimami peke yake kamwe.

Na bado haandiki. Hajasomea kutibu, na jibu la maabara si hitimisho la daktari. Analirudisha faili wodini, anasubiri daktari aandike na kutia saini, na zaidi ya yote anataka mtoto atafutwe aanze dawa. Uaminifu wa kazi hii uko hapo: usipunguze kilichoandikwa, usiongeze usichoandikiwa. Yote mawili yanashawishi, hasa pale bima inapolipa zaidi kwa ugonjwa mzito.

Adui wake mkubwa ni R10.4, maumivu ya tumbo yasiyofafanuliwa. Wakati mwingine ni jibu la haki. Mara nyingi ni kwapa ambamo uvivu wetu sote hujificha, na hesabu za mwisho wa mwaka zikija kusomwa, hospitali itaonekana ina wagonjwa wengi wa tumbo na wachache sana wa kitu kinachoweza kununuliwa dawa.

Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na linaruhusu msimbo wa sehemu ya mwili kuunganishwa na wa ugonjwa. Litasaidia. Halitasoma mwandiko wa mtu, hata hivyo. Kwa hiyo, daktari, ukishamaliza kushona, andika kwa maneno kamili ulichokiona na chanzo chake, kwa herufi zinazosomeka. Karani hawezi kukusimbia neno "tumbo".