Nchi Isiyo na Kimo

Msomaji, chukua chungwa ulizamishe polepole katika beseni la maji. Usilitazame chungwa lenyewe, bali tazama pale ngozi yake ikutanapo na uso wa maji. Kwanza utaona nukta, halafu duara dogo. Duara litapanuka mpaka nusu ya chungwa izame, kisha litapungua, liwe nukta tena na kutoweka. Sasa fikiri kwamba katika uso ule wa maji wanaishi viumbe wasiojua juu wala chini. Hao wataapa kwamba wameona duara likizaliwa, likikua, likizeeka na kufa. Chungwa hawakuliona kamwe.

Viumbe wa namna hiyo ndio watu wa kitabu kiitwacho Flatland, kilichotolewa Uingereza mwaka 1884. Mtungaji wake, Edwin Abbott Abbott, alikuwa kasisi na mwalimu mkuu wa City of London School. Msimulizi ni Mraba, mwenye urefu na upana, lakini hana kimo. Usiku mmoja mjukuu wake amwuliza: ikiwa 3 mara 3 huonyesha ukubwa wa mraba wenye upande wa inchi 3, je, 3 mara 3 mara 3 huonyesha umbo gani? Babu amkemea na kumwambia akalale. Punde si punde Tufe aingia nyumbani kama chungwa lile, amtoa Mraba katika nchi yake bapa, na kumwonyesha kwamba swali la mtoto lilikuwa na jibu.

Hapo ndipo penye utamu wa kitabu. Mraba, akiisha kufumbuka macho, atoa hoja yake. Nukta ikisogea huzaa mstari wenye ncha 2; mstari ukisogea huzaa mraba wenye pembe 4; mraba ukisogea huzaa mchemraba wenye pembe 8. Je, mchemraba ukisogea upande tusioujua, hautazaa umbo lenye pembe 16? Tufe, aliyekuja kufundisha kimo, aghadhibika na kumtupa arudi kwao. Mwalimu afanya lile lile alilolifanya babu. Mimi nifundishaye siusomi ukurasa huo bila ya haya, kwani nami nimepata kumwambia mwanafunzi aketi kwa sababu swali lake lilinizidi.

Lakini uhakiki si sifa tupu. Katika nchi hiyo wanawake ni mistari mitupu, na cheo cha mwanamume huhesabiwa kwa wingi wa pande zake. Abbott alikusudia kuikejeli jamii ya Uingereza ya siku zake, naye mwenyewe alitetea elimu ya wanawake. Hata hivyo baadhi ya wasomaji wake wa kwanza walidhani awadharau. Kejeli isiyotambulikana humdhuru yule iliyekusudia kumtetea.

Tena, jihadhari na hoja ya Mraba. Pembe 16 zaonyesha kwamba umbo lile lawezekana katika hesabu. Hazionyeshi kwamba lipo. Mwaka 1908 Hermann Minkowski, akifuata kazi ya Einstein, aliunganisha wakati na vipimo vitatu vya mahali, na mengi yatokanayo na fikira hiyo yamethibitika kwa majaribio. Lakini wakati si njia ya kwenda na kurudi kama kushoto na kulia. Mwaka 1921 Theodor Kaluza alitoa makala yenye kipimo kimoja zaidi cha mahali, na mwaka 1926 Oskar Klein akasema kwamba huenda kipimo hicho kimejikunja kwa udogo usioonekana. Hesabu zao ni nzuri. Jaribio la kukithibitisha kipimo chenyewe halijapatikana hata leo.

Basi kisome kitabu hiki kwa macho mawili: jicho la mjukuu, lisiloogopa kuuliza, na jicho la mpimaji, lisilokubali bila ya ushahidi. Mraba aimaliza hadithi yake gerezani, hana mfuasi hata mmoja. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumlaza aulizaye.