Siti binti Saad na kosa la sindano yangu

Mwaka jana niliandika kwamba Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, aliisifu sauti ya bibi yule kupita kiasi. Ushahidi wangu ulikuwa santuri moja ya 78 niliyoazimwa, na mashine ya mtumba ya kuipigia. Nilisikia sauti nyembamba, ya puani, na nyuma yake mvumo kama wa samaki wanaokaangwa. Nikahukumu. Leo naifuta hukumu ile.

Juzijuzi nilimsikilizisha mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi redio mstaafu, kile nilichokuwa nimerekodi kwa simu. Hakufika hata dakika moja. "Huyu mbona umemkimbiza, mwanangu?" Kesho yake nikampelekea mashine.

Alichomoa kwanza kikaratasi cha duara chenye mistari 77. Unakiweka juu ya sahani inayozunguka, chini ya taa ya umeme wetu wa hezi 50. Kasi ikiwa sawa, mistari inaonekana imesimama. Taa yangu ya LED haikufaa, ikabidi tutafute tyubu ya zamani. Mistari ikawa inakimbia mbio! Mashine ilizidi kwa mizunguko kama minne kwa dakika, na kiasi hicho kinatosha kuipandisha sauti karibu nusu toni. Mwanamke mzima nilikuwa nimemgeuza kitoto.

Kubwa zaidi lilikuwa sindano. Niliyokuwa nayo ni ya LP, na mifuo ya santuri za 78 ni mipana zaidi. Inataka ncha nene mara tatu au nne. Ncha nyembamba inazama hadi chini kabisa ya mfuo, inazoa vumbi na mikwaruzo ya karibu karne nzima, badala ya kuegemea kuta ambako muziki wenyewe umechorwa. Ule mvumo wa samaki, kumbe, kwa sehemu kubwa nilikuwa nimeuleta mimi. Mzee akabadilisha sindano, akasawazisha meza kwa pimamaji, akaongeza uzito wa mkono kidogo.

Siti alirekodi kwa kampuni ya HMV kule Bombay mwaka 1928. Sitadai kwamba tulimsikia kama alivyosikika chumbani siku ile. Mchakato wa sahani kuukuu ulibaki, na kwenye santuri za zama zile hata hiyo 78 haikuwa kipimo cha uhakika. Lakini sauti ilishuka, ikapata kifua. Herufi za mwisho wa mishororo, nilizokuwa nimeandika kwamba anazimeza, zilitoka wazi kabisa. Udi ukajitenga na fidla.

Sasa najiuliza kuhusu nakala za mtandaoni tunazozitegemea sisi wahakiki. Nyingi haziambatani na neno lolote kuhusu sindano wala kasi iliyotumika, nasi tunaandika aya nzima juu ya "mtindo wa kuimbia puani". Mhariri wa diwani akikosea herufi tunamshukia vikali. Aliyekosea mizunguko minne hatumuulizi kitu.

Wasifu nimeuanza upya, ukurasa wa kwanza. Santuri bado iko kwa mzee. Kila nikienda kuichukua ananiambia nikae kwanza, tusikilize upande wa pili.