Kikoba kwenye imeili

Chukua kikoba cha Mabawa kinachoendeshwa kwenye grupu la WhatsApp. Katibu anatoa mazungumzo yote, anajitumia kwa imeili, basi, anaona hesabu zimetunzwa. Zimetunzwa vipi? Bila picha na sauti, mwisho meseji 40,000. Ukizijumuisha, 10,000 za karibuni tu. Na sisi watu wa Tanga nusu ya maneno tunayatuma kwa sauti! Tena faili lenyewe ni maandishi matupu: 5,000 inageuka 50,000 kwa kubonyeza sifuri moja, wala hakuna alama. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama iangalie kumbukumbu ilivyotunzwa. Afadhali imeili iende kwa wanachama watatu siku hiyohiyo. Akibadilisha mmoja, nakala za wenzake zitamsuta.