Mwenye Mali na Mwenye Kazi

Kupiga picha za sinema zisizo na rangi ni sanaa ya kujinyima, kwani bwana wake, akiisha kuziacha rangi zote za dunia, husaliwa na nuru na kiza tu, na kwa viwili hivyo hana budi kumfahamisha mtazamaji saa ya siku, baridi ya ukuta na khofu iliyomo moyoni mwa mtu. Ndivyo alivyofanya mwongozaji John Huston, pamoja na mpiga picha wake Harold Rosson, katika filamu The Asphalt Jungle ya mwaka 1950: mwanzo twaona mitaa mitupu, motokaa ya polisi ikizunguka polepole, na mtu mrefu akijibanza nyuma ya nguzo, na mwisho mtu yule yule, akivuja damu, aanguka malishoni Kentucky, mchana mweupe, farasi wakimsogelea.

Kampuni ya Ted Turner, ilipoimiliki filamu hiyo pamoja na hazina kubwa ya filamu za studio ya MGM, ilidhani kuwa aliyenunua amenunua vyote, ikaitia rangi kwa kompyuta. Huston alikufa mwaka 1987, akiwa amekwisha kuipinga hadharani bidaa hiyo ya kuzipaka rangi filamu zake. Na wanawe, pamoja na Ben Maddow aliyeshirikiana na Huston kuuandika mswada wa filamu, wakafungua mashtaka huko Ufaransa, ambako televisheni ya La Cinq ilikusudia kuionyesha. Kwa sheria ya Marekani mtunzi alikuwa kampuni iliyoitengeneza filamu. Lakini tarehe 28 Mei 1991 Mahakama ya Kasesheni ya Ufaransa iliamua kwamba aliyeiumba kazi ndiye mtunzi wake, na haki yake ya kuilinda isiharibiwe haiuziki.

Insafu yatutaka tukiri kwamba bila ya rasilmali ya tajiri, ambaye ndiye abebaye hasara, filamu haizaliwi. Wapo pia wasemao kuwa nakala ya asili ingalipo, basi dhara iko wapi? Dhara ni kwamba kila kivuli kilipimwa kwa ajili ya weusi na weupe, na nakala iliyopakwa yatembezwa kwa jina la Huston, kwa jambo asilolifanya wala kuliridhia. Mnunuzi wa mswada wa utenzi ana haki ya karatasi, si ya vina.

Mwenye mali, basi, na auze, akodishe, aonyeshe apendavyo. Bali akitaka kubadili, aombe idhini ya mwenye kazi, na asipoipata, aiache kama alivyoikuta.