Jalada la Aliyetiliwa Shaka

Dola haimuulizi kila mtu babu yake alitoka wapi. Humuuliza yule inayemtilia shaka: aliyeteremka jahazini Mombasa na kasha moja, aliyevuka Ruvuma kufuata kibarua cha mkonge, aliyefungua duka la nguo Kampala huku pasi ya Kiingereza ikiwa sandukuni. Aliyezaliwa kijijini kwa baba yake na akazikwa papo hapo aweza kupita duniani asiandike popote jina la bibi yake. Aliyeshukiwa hana nafasi hiyo. Akitaka uraia hutakiwa aseme kwa kiapo alizaliwa wapi, wazazi wake ni akina nani, aliingia nchini lini, anafanya kazi gani, ana mke na watoto wangapi, na nani atamdhamini. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayetafuta asili ya ukoo wake, ikiwa ukoo huo uliwahi kuhama, aanzie kwenye nyaraka za uraia kabla ya kwingine kokote, na kwamba kuzitafuta ni ufundi unaostahili heshima tunayompa fundi seremala. Ufundi wenyewe si kupekua makaratasi. Ni kujua nani alimshuku nani, mwaka gani, na kwa sheria ipi.

Kiswahili cha sheria nchini Tanzania kina neno ambalo halijatoka sana nje ya ofisi za Uhamiaji: tajnisi. Kuna raia wa kuzaliwa, raia wa kurithi, na raia wa tajnisi. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa jinsi na jinsia, kwa hiyo kumpa mtu tajnisi ni kama kumwingiza katika jinsi fulani ya watu ambayo hapo awali hakuhesabiwa kuwa wake. Neno limebeba mlango na bawabu wake, na mtafiti huenda kusoma daftari la bawabu.

Wengi hukosea mwanzoni kabisa kwa kuanza na jina. Jina huja baadaye. Kwanza hutafutwa mamlaka. Mtoto aliyezaliwa Unguja Novemba 1963 alipita chini ya mamlaka nne kabla hajatimiza miezi sita: nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza, Usultani huru wa Desemba, Jamhuri ya Watu baada ya Mapinduzi ya Januari, kisha Jamhuri ya Muungano tarehe 26 Aprili 1964. Kila mamlaka ilikuwa na namna yake ya kumwita mtu wake. Hata ndani ya Kenya moja, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1930 alizaliwa katika koloni la Mfalme, ilhali wa Mombasa alizaliwa katika ukanda wa pwani uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Wa kwanza alikuwa raia wa Mfalme, wa pili mtu aliye chini ya ulinzi wake tu. Tofauti hii yaonekana kama ubishi wa mawakili usiomhusu mtu wa kawaida, lakini ndiyo iliyozalisha karatasi. Mhindi aliyetoka Bombay alikuwa raia wa Mfalme tangu kuzaliwa, hivyo hakuwa na la kuomba. Aliyetoka Kutch au Jamnagar, nchi zilizotawaliwa na wafalme wa Kihindi, alikuwa chini ya ulinzi tu, na akitaka uraia kamili alilazimika kuomba tajnisi na kutangaza nia yake. Leo wajukuu wa yule wa Bombay hutapatapa. Wa yule wa Jamnagar wana mahali pa kuanzia, kwa sababu babu yao hakuaminiwa.

Uhuru uliongeza shaka, na kwa hiyo uliongeza majalada. Kenya ilipojitawala tarehe 12 Desemba 1963, raia wa Uingereza na watu waliokuwa chini ya ulinzi wake, waliozaliwa nchini na mzazi wao mmoja akiwa amezaliwa humo pia, walilala usiku mmoja wakaamka raia wa Kenya. Hawakujaza fomu yoyote. Waliozaliwa humo wa wazazi waliotoka nje walipewa miaka miwili ya kuomba kuandikishwa, hadi Desemba 1965. Mtafiti aliyebobea akikuta ndugu wawili wa baba, mmoja ana cheti cha kuandikishwa na mwingine hana, hakimbilii kusema karatasi ya pili imepotea. Hujiuliza kama huyo wa pili alikwenda Uingereza, au kama alisitasita mpaka muda ukapita. Kutokuwapo kwa jalada nako ni habari, mradi ujue lilipaswa kuwapo.

Ndipo jina lipate zamu yake, nalo ni tabu tupu. Karani aliyezoea majina ya ukoo ya Kizungu alimweka Salim bin Khamis Mbarak popote alipopenda: kwa S, kwa K, au kwa M. Said huandikwa kwa namna nne na Mohamed kwa zaidi. Mwenye subira humtafuta baba kwanza, kisha kazi, kisha sanduku la posta, maana jirani wa sanduku la posta mara nyingi ni shemeji. Wanawake wana mlango wao wa pembeni. Kwa sheria ya Uingereza hadi mwisho wa 1948, mwanamke mgeni kwa kawaida alifuata uraia wa mume, kwa hiyo mara nyingi bibi anayetafutwa hana jalada. Yumo ndani ya jalada la babu, pengine mstari mmoja tu, pengine bila jina la baba yake.

Watu watasema, na wana haki, kwamba karatasi hizi zina uongo. Aliyekuwa akiomba alijua afisa anataka kusikia nini: miaka iliongezwa, mke wa pili alisahauliwa. Lakini uongo ulioelekezwa kwa msikilizaji anayejulikana ni rahisi kupimwa kuliko sifa za ukoo zilizosimuliwa arusini. Pingamizi zito zaidi ni kwamba masijala iliwapendelea wenye duka na mwanasheria. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, hawakuwa hata na kitambulisho cha taifa, wakaandamana kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai. Hapo nakubali: jalada halitoshi, na anayesema latosha hajui kazi. Wazigua waliochukuliwa utumwani karne ya 19 hadi bonde la Juba, Somalia, hawakuwa na karatasi; walikuwa na Kizigua na majina ya koo. Wajukuu wao walipokimbia vita vya Somalia na kurudi Tanga, lugha ndiyo iliyowatambulisha, na cheti cha tajnisi kikafuata. Simulizi lilitangulia, karatasi ikaja kulithibitisha. Mtafiti mzuri huenda kwa miguu yote miwili.

Liko jambo linalonisumbua zaidi, nalo silimalizi. Karatasi ileile inayompa mjukuu jina la kijiji yaweza kumnyang'anya mtu nchi. Uganda, mwaka 1972, Idi Amin alipotoa siku 90, Waasia waliokwisha kupewa uraia walipangwa foleni hati zao zikakaguliwe, na wengine walikataliwa kwa sababu hati ya kuukana uraia wa Uingereza ilichelewa. Zambia, mwaka 1999, mahakama ilitamka kwamba Kenneth Kaunda, aliyeitawala nchi hiyo miaka 27, si raia wake, kwa kuwa wazazi wake walitoka Nyasaland. Anayefukua asili ya ukoo ajue anashika chombo kile kile. Jibu langu ni dogo: nakala ikae nyumbani pia, maana waliotikisika zaidi ni wale ambao upande mmoja tu ulikuwa na jalada. Na la walio hai lisitangazwe bila idhini yao.

Tanzania bado huwataka waombaji wa tajnisi watangaze gazetini, mara mbili mfululizo, na anayejua sababu ya kumzuia mwombaji huombwa aiandikie mamlaka. Tangazo ni dogo, limebanwa kati ya zabuni na viwanja vinavyouzwa. Wasomaji wengi hulipita. Kesho yake ukurasa ule hufungiwa karanga kituo cha basi, jina la mtu, S.L.P. yake na mtaa wake vikiwa vimelowa mafuta kwa nje, na miaka 60 baadaye kuna mtu atakayelipa nauli kwenda kuusoma.